Promo ya Marehemu

Cleophas hakuwahi kuiba kitu maishani mwake, na alipenda watu walijue hilo. Yeye alikuwa anapokea tu. Kwa miaka kumi na mitano alikuwa mtunza maktaba ya muziki katika redio moja ndogo pale Kibondo, na kila mwimbaji aliyefika na CD mkononi ilibidi apitie mezani kwake kabla ya kumwona mtangazaji. Juu ya CD pameandikwa kwa kalamu nene: PROMO, HAIUZWI. Cleophas aliipokea kwa mikono miwili, akamshukuru mwenyewe, akaiingiza kwenye droo. Ikitoka kwenye droo hiyo, ilikwenda nyumbani kwake.

Wewe uliyezaliwa na simu mkononi itabidi nikueleze. Siku hizo mwimbaji alihangaika mpaka akaingia studio, akarekodi, akatoka na nakala kumi au kumi na mbili. Hizo hazikuwa za kuuza. Zilikuwa za kugawa redioni, nyimbo zichezwe, watu wasikie, waulize huyo ni nani, waje wamwalike harusini na kwenye mikutano ya injili. Promo isipochezwa, mwimbaji anabaki kuwaimbia mbuzi wake. Cleophas alilijua hilo kuliko mtu yeyote wilayani, na ndiyo sababu alizifungia. CD ikichezwa mara tatu, watangazaji wote wanaiazima, vijana wa stendi wanaidurufu, wiki ijayo inalia kwenye kila kibanda. Sasa hapo utajisifia nini? Alitaka kuwa na kitu ambacho hakuna mwingine anacho, na njia ya kukipata ilikuwa nyepesi mno: kuhakikisha hakuna anayekisikia.

Hata mke alimpata kwenye droo hiyohiyo. Veronica alikuja akiwa msichana wa kwaya, na CD yenye wimbo mmoja alioutunga mwenyewe, wimbo wa kubembeleza mtoto. Cleophas aliipokea kwa mikono miwili. Wimbo haukuchezwa hata siku moja, lakini mwaka huohuo alipeleka posa, na baada ya ndoa akamwambia mkewe kwamba mke wa mtu hasimami mbele ya watu akitikisa mabega. Veronica akaacha kuimba. Alijifunza cherehani. CD yake Cleophas hakuihesabu kabisa miongoni mwa zile nyingine, akisema kwamba kitu cha nyumbani hakikusanywi, basi ikabaki kwenye kopo la vifungo, pembeni ya cherehani, miaka nenda miaka rudi.

Alipostaafu walihamia Kasulu, wakajenga Murubona. Chumba kimoja kilijengwa kwa ajili ya watoto ambao Mungu hakuwaleta, na hicho ndicho kilichopokea CD elfu mbili mia tatu na kumi na sita. Kila moja alikuwa ameivalisha lebo. Alikata karatasi ya duara yenye ukubwa wa CD yenyewe, akaandika namba na maneno MAKTABA YA CLEOPHAS, akaipaka gundi na kuibandika upande wa juu, ule usiong'aa. Upande wa chini unaong'aa hakuugusa kwa kidole. Aliupangusa kwa kitambaa cha miwani, akihema taratibu kama anayemnawisha mtoto uso. Aliamini, kama tulivyoamini wengi, kwamba muziki unakaa kwenye mng'ao wa chini, na kwamba upande wa juu ni wa kuandikia tu.

Reine alibisha hodi Jumanne moja ya mwaka 2022. Alikuwa binti wa miaka kumi na tisa, mkimbizi kutoka Kongo aliyezaliwa Nyarugusu na hajawahi kuishi kwingine. Kutoka kambini kulihitaji kibali, na kibali hicho alikisubiri wiki nzima. Alikaa kwenye ncha ya kochi, viatu kavivua mlangoni.

"Papa Cleophas," alisema, "jina langu imetoka. Mwezi huu niko naenda Kanada. Niko natafuta sauti ya mama yangu."

Mama yake aliitwa Jeannette. Alikuwa mwimbaji wa kambini, alirekodi nyimbo mbili, na promo moja mchungaji wao alimpeleka nayo mpaka Kibondo kwa gari lake. Alifariki akijifungua, yeye na kichanga, Reine akiwa na miaka minne. Nakala nyingine zote zilikwisha. Nyumba ziliungua, wenye nazo walirudi Kongo au walikwisha kupelekwa ng'ambo. Mzee mmoja wa kwaya ndiye aliyekumbuka kwamba moja ilibaki kwa yule bwana wa redio.

"Na baba yako?" Cleophas aliuliza.

"Mama hakuolewa. Baba, hata jina lake sina. Niko na mama tu, na yeye pia, sauti yake sikumbuke tena. Nakumbuka mikono. Sauti imepotea."

Cleophas aliingia chumbani, akatoka na namba 1,107. Alimwonyesha. Ilikuwa kwenye kava lake la plastiki, na karatasi iliyoandikwa kwa mkono: Jeannette, Nyarugusu, nyimbo 2, PROMO, HAIUZWI. Reine alinyoosha mkono, na Cleophas akarudisha wake nyuma.

"Hii haijawahi kuchezwa," alisema kwa fahari. "Hata mara moja. Unaelewa hiyo ni nini? Duniani kote ipo hii moja, na haijaguswa."

"Tuicheze, Papa. Ata mara moya."

"Vitu hivi havikurupukiwi, binti. Vina utaratibu wake."

Veronica alikuwa mlangoni na sinia la chai. "Umcheleweshe wa nini, baba? Mpe mtoto wa watu asikilize mama yake."

"Wewe shona," alijibu mumewe.

Utaratibu wenyewe ulikuwa huu: faili la namba 1,107 lilikosa picha ya mwimbaji. Kila CD ya Cleophas ilikuwa na faili, na faili lisilo na picha lilimkera kama kokoto kwenye kiatu. Akamtaka Reine aje na picha ya mama yake, ndipo wazungumze. Binti alirudi kambini, akaomba kibali kingine, akasubiri tena. Safari ya pili alikuja na picha moja, ndiyo hiyo tu aliyokuwa nayo: mwanamke mwembamba aliyevaa kitenge cha kwaya, kamkumbatia mtoto asiyeitazama kamera. Aliipiga kwa simu kwanza, kisha akamkabidhi. Cleophas akaibandika kwenye faili kwa gundi palepale, mbele yake, na kumwambia aje Jumamosi.

"Jumatatu basi inatuchukua," Reine alisema.

"Si nimesema Jumamosi? Jumamosi iko kabla ya Jumatatu."

Veronica alimsindikiza mpaka barabarani. Aliporudi, mguu wake ulikanyaga cherehani kwa kasi isiyo ya kawaida mpaka jioni.

Alhamisi, mkewe akiwa sokoni kununua nyuzi, Cleophas alitoa namba 1,107, akaitumbukiza kwenye deki. Deki ikazunguka, ikakwaruza, ikaandika kwamba hakuna CD. Akaipangusa, akairudisha. Hakuna CD. Akaitazama kwa pembeni, akaona lebo imevimba kidogo kwa unyevu wa mvua za huku kwetu, akajiambia kwamba ndiyo inayoifanya iyumbe ikizunguka. Dawa yake ni kuibandua. Akaingiza ukucha pembeni, akavuta.

Karatasi ilitoka na fedha yote. Ilibanduka kama ganda la harage lililolowekwa usiku kucha, mng'ao wote ukabaki umeng'ang'ania upande wenye gundi, na mkononi mwake mkabaki kipande cha plastiki kisafi kama kioo cha dirisha. Aliona vidole vyake kupitia katikati yake. Kumbe muziki ulikuwa unakaa juu, chini tu ya lebo, umetenganishwa na gundi yake kwa rangi nyepesi kuliko ngozi ya yai, na gundi ilikuwa imeula miaka yote hiyo huku yeye akipangusa upande wa pili.

Alichukua namba 1,108. Haikusoma. Akachukua namba 12, namba 600, namba 2,000. Alijaribu ishirini na saba. Kwenye tatu alisikia mkwaruzo na nusu ya neno, basi. Akakaa sakafuni katikati ya rafu zake, akalia, na nisimsingizie: alilia kweli, kwa uchungu. Lakini aliililia maktaba. Alimkumbuka Reine baadaye, alipokuwa akipenga kamasi, na alimkumbuka kama mtu anavyokumbuka kwamba kuna mgeni anakuja na nyumba haijafagiliwa.

Angeweza kusema. Sentensi moja ilitosha: binti, nimeiharibu, nisamehe. Tatizo ni kwamba binti angewasimulia wenzake kambini, nao wangeisimulia Kasulu nzima, na watu waliokuwa wakimwita Mzee Maktaba wangemwita nini? Ndipo macho yake yakatua kwenye kopo la vifungo. CD ya mkewe haikuwa na lebo. Hakuwahi kuiona inastahili gundi yake. Akaiweka kwenye deki, na baada ya ukimya kidogo sauti ya msichana ikajaza chumba, safi, kama vile amesimama pale pale:

"Lala, nimekuwashia taa, njia ya kwetu haipotei."

Hakuwa ameusikia wimbo huo tangu azaliwe. Alishangaa jinsi ulivyokuwa mzuri, na mshangao huo ulimkera.

Jumamosi alipanga Reine aje saa ambayo Veronica yuko jumuiya. Alikuwa amekwisha kuunakili wimbo kwenye kompyuta, na kava la Jeannette ameliweka mezani, wazi, ili lionekane. "Wimbo wa pili umekufa," alimwambia. "Huu mmoja nimeuokoa." Akabonyeza.

Reine aliziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Hakutikisika mpaka wimbo ulipokwisha, akaomba urudiwe, ukarudiwa, akaomba tena.

"Ni yeye," alisema machozi yakimtiririka hadi shingoni. "Papa, ni yeye kabisa. Sasa nakumbuka. Alikuwa anasemaka na mi hivi hivi."

Cleophas aliona aibu, na aibu ikapita. Nafasi yake ikachukuliwa na kitu kama fahari. Huyu hapa analia kwa furaha, na nani kampa furaha hiyo? Alimwingizia wimbo kwenye simu. Reine alipiga magoti akamshika miguu, akimwita baba. Picha hakuikumbuka, wala Cleophas hakumkumbusha. Jumatatu basi likawachukua.

Veronica aliporudi aliuliza kama mtoto amepata haja yake. Aliambiwa amepata, na alifurahi sana, akapika maharage kwa mawese siku hiyo kana kwamba ni sikukuu. Miezi kadhaa baadaye aligundua CD yake haimo kwenye kopo. Cleophas alisema labda imetupwa na taka za vitambaa. Alinung'unika siku mbili, akaacha. Angemdai nani?

Miaka miwili ikapita. Reine alituma salamu kila Krismasi. Alipata mtoto wa kike, akamwita Jeannette, na kwenye kanisa lao la Wakongo kule ng'ambo wimbo ule ukawa unaimbwa kila ibada ya watoto.

Jumamosi moja saa tisa alasiri, Cleophas akiwa msibani mtaa wa pili, mgeni alifika nyumbani. Aliitwa Anaclet, mzaliwa wa Nyarugusu anayeishi Kanada, amekuja kuwaona wazazi. Alileta bahasha kutoka kwa Reine, akanywa maji, akaaga, akimwahidi Veronica kwamba atamjulisha Reine kuwa mzigo umefika. Veronica alifungua. Ndani mlikuwa na CD mpya yenye kava la rangi, picha ya mwanamke mwembamba mwenye kitenge cha kwaya, na maneno: Sauti ya marehemu mama yetu Jeannette. Promo, haiuzwi. Na karatasi ndogo: Papa Cleophas, tumeongeza vinanda, tunazipeleka kwa redio zote za hapa. Hii ya kwanza ni ya maktaba yako.

Alimkumbuka binti, moyo ukamlainika, akaitia kwenye deki aisikie hiyo sauti iliyomliza mtoto wa watu.

Cleophas alirudi akamkuta amekaa sakafuni mbele ya spika, mikono mapajani. Wimbo ulikuwa unacheza. Alielewa palepale. Na unajua jambo la kwanza alilosema ni lipi?

"Kava lake hujalikunja?"

"Kumbe nilishakufa," Veronica alisema bila kugeuka. "Nikazikwa Nyarugusu. Mbona hamkuniambia, baba, nikajililia?"

"Vero, sikiliza. Ya mama yake ilikuwa imeharibika."

"Iliharibikaje?"

Veronica aliinuka, akaingia chumbani, akalitafuta faili la 1,107, akatoka na kile kipande cha plastiki. Alikiinua mbele ya uso wake, akamtazama mumewe kupitia humo.

"Ungemwambia imekufa."

"Angelia."

"Angelia machozi yake mwenyewe. Sasa analia yangu. Wimbo ule niliutunga kwa ajili ya watoto wangu, Cleophas. Ukakataa kuucheza. Watoto hawakuja, nikasema sawa, ni Mungu. Lakini wimbo ulikuwepo, kwenye kopo, ni wangu. Ukaugawa, na jina langu ukalitupa kama kipande cha kitambaa."

Cleophas alikuwa mtu mwenye akili, na akili ya namna hiyo huwa kali zaidi ikibanwa ukutani. Akaketi, akashusha sauti.

"Haya, mpigie. Mwambie yule hakuwa mama yake. Mwambie na mtoto wake analazwa na sauti ya mshonaji wa Murubona. Utamnyang'anya mama yake mara ya pili, wewe mwenye huruma? Mpigie basi."

Veronica alijua amefungwa, na alijua aliyemfunga anajua. Nakwambia, kama kuna kitu nilichomchukia Cleophas kwacho, si gundi, si hata wizi wenyewe. Ni jinsi alivyoegemea kochi baada ya kusema maneno hayo, ametulia, kama mtu aliyemaliza kazi nzuri.

Simu ikaita. Ilikuwa simu ya Cleophas, mezani, na jina lilikuwa la Reine. Veronica akaiwahi, akaitika.

"Mama Veronica! Anaclet ameniambia imefika. Mumeisikia?" Nyuma yake mtoto alikuwa akilia, kilio kile cha mtoto aliyeamshwa mapema, maana kwao ilikuwa bado asubuhi.

"Tumeisikia, mwana wanje," alisema Veronica, akimwita mwanangu kwa Kiha.

"Muzuri?"

"Nzuri. Mama yako aliimba vizuri sana." Alilisema hilo akimtazama mumewe, na Cleophas akatikisa kichwa kumsifu.

"Mama, wewe umekaa Kibondo zamani. Ulimujua? Sina mutu wa kuniambia kitu juu yake. Wote wameisha."

Veronica akaanza kusema, polepole. "Nilimjua. Alikuwa mwoga wa watu. Akiimba alifumba macho, akashika mkono wake wa kushoto kwa ule wa kulia, hivi, usitetemeke. Huo wimbo aliutunga akipalilia mahindi. Alitaka watoto sita."

"Sita!" Reine alicheka na kulia kwa pamoja. "Aliacha kuimba wakati gani? Sababu kambini wanasema aliimba mpaka mwisho."

"Aliacha alipoolewa," Veronica alisema.

Hata leo Cleophas hajui kama neno hilo lilimponyoka mkewe au alilitoa makusudi. Aliruka kutoka kwenye kochi, mkono umenyooka kuelekea simu, na Veronica akampa bega.

Upande wa pili palikuwa na kilio cha mtoto tu.

"Mama hakuolewa," Reine alisema hatimaye. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mama Veronica. Sema tena."

"Niseme nini, mwanangu?"

"Chochote. Sema tu." Akavuta pumzi. "Hapana. Imba. Imba kile kipande cha kwanza."

"Kata simu," Cleophas alinong'ona. "Vero, nakuomba, kata."

Veronica alifumba macho. Mkono wa kulia ulikuwa na simu, kwa hiyo wa kushoto ulitetemeka peke yake. Alikuwa hajaimba kwa miaka kumi na minane na sauti ilitoka na kutu, lakini ilikuwa ileile.

"Lala, nimekuwashia taa, njia ya kwetu haipotei."

Kule ng'ambo mtoto, aliyelazwa na sauti hiyo tangu azaliwe, akanyamaza mara moja. Ndipo mama yake akaanza kulia.